Hesabu za Mto: Watoto wa Shule na Wadudu wa Majini

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Miaka 10 si umri mkubwa kwa mtu, wala kwa mbuni uliotunzwa vema; walakini kwa chama cha wakulima ni umri wa kutosha kuonyesha kama mizizi imeshika au haikushika. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa iliyokusanywa, za mikopo, za maghala na za bei. Hayo hatutayarudia. Sisi tumeombwa kusema habari za watoto wetu na mito yetu, na tunajua wako kati yenu wanaojiuliza moyoni: jambo hili lahusu nini mkutano wa wauza kahawa? Tunawaomba mtuvumilie, kwa maana kabla ya kuketi tutaweka mbele yenu maazimio 4, na mawili kati yake yagusa mitambo yetu ya kumenyea kahawa na mabomba yetu ya dawa.

Kwa nini ushirika ushughulike na mito

Ushirika tangu asili yake haukuwa biashara tupu. Wale wafanyakazi wa Rochdale, nchini Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walihesabu elimu kuwa sehemu ya kazi ya chama. Na kanuni 7 za ushirika, kama zilivyotamkwa upya na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995, zasema jambo hilo hilo: kanuni ya 5 ni elimu, mafunzo na habari, kanuni ya 7 ni kuijali jamii inayotuzunguka. Kanuni hizi mbili si mapambo ya ukutani. Chama kinachojua bei ya kahawa kule Moshi lakini hakijui hali ya maji yanayopita nyuma ya ghala lake, hicho kimesoma nusu ya kitabu.

Hapa mlimani kwetu ushirika ni wa siku nyingi. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuata Chama Kikuu cha KNCU. Lakini kabla ya kahawa, wazee wetu walikuwa na ushirika mwingine mkubwa zaidi, nao ni ushirika wa mifongo. Wachaga walichimba mifereji kwa mikono, wakayachukua maji kutoka makorongoni hadi migombani, wakawa na zamu za kumwagilia, siku za kuzibua mfereji, na faini kwa asiyefika kazini. Wageni waliopanda mlima huu katika karne ya 19 walistaajabu kuyaona maji yakipita penye miteremko kama yaliyoamriwa. Basi atakayesema ya kuwa maji si kazi ya ushirika, huyo amesahau tulikotoka.

Mlima na maji yake

Watu wengi hudhani ya kuwa maji yetu yote hutoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu yavutia macho, na mlima wenyewe una urefu wa meta 5,895. Lakini sehemu kubwa ya maji yetu hutoka katika ukanda wa msitu, mahali mvua inyeshapo kwa wingi na ukungu ukakamatwa na majani ya miti. Ndiyo sababu mwaka 2005 msitu ule wa hifadhi ulitiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kutoka msituni maji hushuka kwa vijito vingi, yakapita katikati ya vihamba vyetu, ndipo yakafika tambarare.

Weruweru na Kikafu huingia katika Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu hukutana penye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto waitwa Pangani hata uingiapo katika Bahari ya Hindi. Njiani humo maji hayo hayo hunyweshwa ng'ombe, hulimiwa mpunga na mboga, hulea samaki wa wavuvi wa Nyumba ya Mungu, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani. Kwa hiyo anayesafisha bomba lake la dawa katika kijito kidogo kilicho nyuma ya nyumba, kazi yake haikuishia pale. Walio chini yake watayapokea, na wengi wao ni wanachama wenzetu.

Kwa ajili hiyo Kamati ilionelea yafaa kuanza na watoto. Wazee wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Walimu wa baadhi ya shule za msingi zilizo katika eneo letu wamekubali kuwachukua wanafunzi wa darasa la 5 na la 6 wakatazame mto kwa utaratibu. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Vilabu vya Malihai vimekuwa vikifundisha watoto wa shule habari za wanyama na mazingira tangu mwaka 1980; na mwaka 1991 Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alianza Roots & Shoots pale Dar es Salaam pamoja na wanafunzi 12 tu, na leo kazi hiyo imeenea katika nchi nyingi. Tuliloongeza sisi ni kuyaunganisha masomo hayo na shamba la mkulima.

Jinsi watoto wafanyavyo kazi

Vifaa vyenyewe ni haba. Wavu hushonwa kwa kipande cha chandarua kuukuu, ukatiwa fremu ya waya mnene na mpini wa mti. Huhitajika beseni jeupe, kijiko, kioo cha kukuzia, daftari na penseli. Hapana kitu hapo kinachoshinda uwezo wa chama cha msingi.

Watoto huchagua mahali penye mawe, maji yapitayo kwa kasi, kina kisichozidi magoti. Mmoja hushika wavu upande wa chini. Mwenzake husimama upande wa juu, akayasugua mawe na kuyapindua kwa miguu iliyovaa viatu, ili viumbe walioshikamana na mawe wachukuliwe na maji hadi wavuni. Kazi hii huchukua kama dakika 5, mara huku penye mawe, mara kule penye majani ya kando. Kisha wavu hupinduliwa ndani ya beseni lenye maji kidogo, na watoto huinama wote kulizunguka.

Dakika ya kwanza hawaoni kitu ila takataka. Dakika ya pili takataka zaanza kutembea. Hapo ndipo mwalimu asipohitaji tena kuwanyamazisha, maana kila mmoja amepata lake la kutazama.

Baada ya kuhesabu na kuandika, viumbe wote hurudishwa majini pale pale walipotolewa. Sharti hili halivunjwi. Mtoto hufundishwa ya kuwa aliingia katika nyumba ya watu, na mgeni mwema huiacha nyumba kama alivyoikuta.

Wakazi wa chini ya mawe

Tuwaeleze sasa ni akina nani hao wakazi. Wengine mwawajua: kaa wa mtoni, konokono, ruba, viluwiluwi vya chura. Lakini walio wengi ni watoto wa wadudu warukao. Mama huruka hewani, huweka mayai majini, na mtoto hukaa chini ya maji kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, kabla ya kuota mbawa. Kereng'ende, kwa mfano, mwamjua angani. Majini yeye ni mwindaji mwenye taya la kukunjuka, ambalo hulirusha mbele ghafula na kumnasa mdudu mwingine.

Yuko mdudu wa mikia mitatu, mwenye vitu kama vijani vidogo kando ya tumbo lake. Vijani vile ndivyo mashavu yake ya kuvutia hewa iliyo ndani ya maji. Akiisha kupata mbawa huishi muda mfupi mno, pengine siku moja tu, wala hali chakula. Kazi yake ni kuzaa na kufa. Wako pia wa namna yake walio wadogo, waogeleao kwa kuruka kama visamaki, nao ni wavumilivu kidogo kuliko hao wakubwa.

Yuko mdudu wa mawe, mwenye mikia miwili na kucha mbili katika kila mguu. Huyu ni mteule kuliko wote: apenda maji baridi, safi, yaendayo mbio. Yuko fundi mjenzi, ambaye hutoa uzi kama wa buibui, akaunganisha chembe za mchanga au vipande vya majani, akajitengenezea nyumba ya mviringo na kutembea nayo. Ndugu zake wengine hawajengi nyumba, bali hutega wavu mdogo katikati ya mawe na kungoja mto uwaletee chakula.

Na wako wale wasiochagua. Funza mwekundu wa matopeni ana rangi ile kwa sababu damu yake, kama yetu, ina kitu cha kushikia hewa. Kwa hiyo aweza kuishi penye tope lililokosa hewa ambapo wengine wangekufa. Yuko na funza mwenye mkia mrefu kama wa panya: mkia ule ni bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya maji. Huyo hana haja na maji safi hata kidogo.

Hapo, ndugu wanachama, ndipo penye siri ya kazi yote. Hewa ya kuvuta haikosi angani, lakini majini ni kidogo, na yaweza kwisha. Maji baridi hushika hewa hiyo zaidi kuliko maji ya moto: penye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 yaweza kushika oksijeni kama miligramu 11, na ya nyuzi 25 kama miligramu 8 tu. Basi miti ya kando ya mto ikikatwa, maji hupata joto na hewa hupungua. Udongo ukiporomoka kutoka shamba lisilo na matuta, huziba nafasi zilizo kati ya mawe, na wakazi wake hukosa mahali pa kukaa. Uchafu ukitiwa, vijidudu viuozeshavyo huila hewa yote. Wa kwanza kuondoka ni mdudu wa mawe. Wa mwisho kubaki ni funza mwekundu.

Kutoa hesabu ya mto

Wataalamu wa Afrika Kusini waliitumia siri hiyo kutengeneza kipimo kiitwacho SASS, na kutoka humo wakatoa kipimo chepesi cha watoto na wananchi, miniSASS. Nchini kwetu nako, mwaka 2015 wataalamu walichapisha kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, kiitwacho TARISS. Hicho cha pili chahitaji mtu aliyefundishwa zaidi. Cha watoto ni rahisi, nacho ndicho tunachokitumia.

Viumbe hugawanywa katika makundi 13, na kila kundi hupewa alama kwa kadiri lisivyovumilia uchafu. Mdudu wa mawe hupewa 17. Wa mikia mitatu hupewa 11, lakini wale wadogo waogeleao kama visamaki hupewa 5. Fundi mjenzi na ndugu zake 9. Kaa na kamba wa mtoni 6, kereng'ende wanene nao 6. Kunguni na mende wa majini 5. Konokono 4, na kereng'ende wembamba 4. Minyoo bapa 3. Minyoo mingine, ruba, na funza wa jamii ya nzi na mbu, kila kundi 2 tu.

Watoto hujumlisha alama za makundi waliyoyaona, kisha hugawanya kwa idadi ya makundi hayo. Tutoe mfano. Tuseme mahali pa juu wameonekana mdudu wa mawe, wa mikia mitatu, fundi mjenzi, kaa, kereng'ende wanene na mende wa majini. Jumla ni 54. Gawanya kwa 6, wastani ni 9. Tuseme mahali pa chini wameonekana minyoo, ruba, funza wa nzi, konokono na kereng'ende wembamba. Jumla ni 14. Gawanya kwa 5, wastani ni 2.8. Kwa mto wa mawe kama yetu, wastani wa zaidi ya 7 ni dalili njema. Ukishuka chini ya 5, mto ni mgonjwa sana.

Hesabu hii ni ya darasa la 5, lakini thamani yake si ndogo. Vitabu vya chama chetu hukaguliwa na COASCO, nasi hatuoni ajabu, maana mali isiyokaguliwa hupotea polepole pasipo kelele. Mto nao ni mali. Wakaguzi wake wamekaa mle usiku na mchana, hawachukui posho, wala hawawezi kushawishiwa. Mtu akipima maji kwa dawa za maabara leo, hujua hali ya leo tu. Uchafu uliopita juzi umekwisha kwenda. Bali mdudu aliyekaa miezi 6 chini ya jiwe ni shahidi wa miezi 6.

Twapenda pia kusema wazi mpaka wa kipimo hiki. Alama nzuri haimaanishi ya kuwa maji yafaa kunywewa bila kuchemshwa. Vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo havionekani kwa kioo, wala mdudu wa mawe havijali. Tena baada ya mvua kubwa viumbe wengi huchukuliwa na mafuriko, hata mto mzima ukaonekana mgonjwa. Kwa hiyo hatutoi hukumu kwa siku moja. Watoto hurudi mahali pale pale, masika na kiangazi, na kulinganisha.

Kahawa yetu na maji yetu

Sasa tumefika penye shina la maneno yetu. Watoto wa shule zetu walipima vijito mahali pawili: juu, karibu na msitu, na chini, baada ya maji kupita vihamba na mitambo. Juu waliwakuta wakazi wateule. Chini, wakati wa msimu wa kumenya, walikuta matope yenye harufu, na funza wekundu wengi. Katika madaftari yao hawakuandika jina la mtu. Mtoto mmoja aliandika swali tu: “Kwa nini mto huumwa wakati wazazi wanapopata fedha?”

Swali hilo lastahili jibu la watu wazima. Katika kila kilo 100 za kahawa mbivu, karibu kilo 40 ni maganda. Mbegu iliyomenywa bado ina ute wenye sukari, nao hulainishwa kwa kuvundikwa, kisha huoshwa kwa maji mengi. Maji yale ya kuoshea yana sukari na uchachu mkali. Yakiingia mtoni, vijidudu huyashambulia kwa furaha, vikala sukari na kumaliza hewa iliyomo. Na balaa hili huja wakati mbaya, kwa sababu kahawa yetu huanza kuiva mwezi wa Julai, kiangazi, mto ukiwa umepungua. Maji machache hupewa mzigo mkubwa. Wazee walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Na kwa wakazi wa chini ya mawe, kijito ndicho dunia nzima.

Pamoja na hayo kuna dawa. Mrututu na dawa nyingine za shaba zimetusaidia kupambana na chulebuni na kutu ya majani, wala hatusemi ziachwe pasipo mpango. Lakini shaba ni sumu kwa viumbe wa majini, hata ikiwa kidogo. Bomba likioshwa katika mfongo, dawa iliyokusudiwa majani ya buni yaenda kumwua kaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mambo haya yana tiba, tena si ya gharama zisizowezekana. Maganda yaweza kuchujwa, yakawekwa kwenye mashimo pamoja na samadi na majani ya migomba, yakawa mbolea. Yana naitrojeni na potasiamu ambazo shamba lilizipoteza. Kuyatupa mtoni ni kutupa mbolea na kisha kukopa fedha za kununua nyingine. Maji ya kumenyea yaweza kurudishwa na kutumiwa tena mara kadhaa kabla ya kumwagwa, na mitambo mipya ya kumenya hutumia maji machache kuliko ya zamani. Yatakayobaki yaelekezwe shimoni, mbali na kijito, yapunguzwe uchachu kwa chokaa, yanywe ardhi polepole. Na miche ya vikonyo itolewayo na TaCRI pale Lyamungo hustahimili chulebuni na kutu. Kila mbuni wa namna hiyo unaopandwa ni mrututu mchache zaidi katika mto.

Sheria nayo imekwisha kutuonyesha mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zataja meta 60 kutoka kingo za mto na chanzo cha maji kuwa eneo la kulindwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1991, yaweza kutoa maelezo na msaada. Afadhali sisi tuwaendee wao kwa shauri kuliko wao watujie kwa hati ya mashtaka.

Wasiwasi wa wazazi

Tumesikia maneno ya wazazi, nayo hatuyadharau. Wa kwanza husema: mtoto hupelekwa shule asome, si avue wadudu. Twajibu: katika kazi hii mtoto amejumlisha, amegawanya, amechora, ameandika taarifa kwa Kiswahili sanifu, na amejifunza sayansi kwa macho yake mwenyewe. Hilo nalo ni somo.

Wa pili husema: mtoni kuna hatari. Ni kweli. Kwa hiyo tumeweka masharti: hapana mtoto aingiaye majini bila mwalimu na mzazi mmoja ukingoni, hapana kwenda mvua ikinyesha au mawingu yakiwa mazito upande wa msitu, maana mafuriko hushuka ghafula, viatu huvaliwa, mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kazi. Tena hatuwaruhusu watoto kuingia katika maji yaliyotuama au mifereji ya tambarare, kwa sababu ya konokono waenezao kichocho.

Wa tatu husema neno zito zaidi: mwawafanya watoto kuwa wapelelezi wa baba zao. Neno hili lilizungumzwa kwa muda mrefu katika Kamati. Jibu letu ni hili. Daftari la mto haliandiki jina, huandika mahali na alama. Wala halipelekwi kwa mkuu yeyote kabla ya kusomwa na wanachama wenyewe. Mtoto akimwambia mama yake ya kuwa chungu chavuja, hakumpeleleza mama. Ameokoa chakula cha jioni. Na maadamu mto huu tutawaachia wao, wana haki ya kuuliza uko katika hali gani kabla hawajaurithi.

Maazimio

Kwa hayo yote, Kamati ya Elimu yaleta maazimio haya 4 mbele ya Mkutano Mkuu, ili yazungumzwe na kupigiwa kura:

1. Kila chama cha msingi kilicho kando ya kijito kichague mahali pawili pa kupimia, juu na chini ya mtambo wake, na kisaidie shule iliyo jirani kwa vifaa vilivyotajwa. Gharama itoke katika fungu la elimu.

2. Alama za mto zisomwe katika mkutano mkuu wa mwaka wa kila chama cha msingi, mara tu baada ya kusomwa hesabu za fedha, na wanafunzi wenyewe ndio wazisome.

3. Kabla ya msimu ujao, kila mtambo wa kumenya uwe na shimo la maganda na shimo la maji machafu, nje ya meta 60 za kijito. Chama Kikuu kitafute mkopo wa masharti nafuu kwa vyama visivyo na uwezo, ili pasiwe na mwanachama atakayeadhibiwa kwa sababu ya umaskini wake.

4. Kila kijiji kiwe na mahali pamoja pa kuoshea mabomba ya dawa, penye shimo lake, mbali na mifongo na visima.

Hatudai ya kuwa maazimio haya ni mepesi. La 3 litahitaji jembe, saruji na fedha, na fedha hizo ni zile zile ambazo kila mmoja wetu amekwisha kuzipangia kazi nyingine baada ya mauzo. Twajua pia ya kuwa vyama vya juu vitabeba mzigo ambao faida yake itaonekana kwanza kwa vyama vya chini. Lakini hiyo ndiyo maana ya kuwa na Chama Kikuu kimoja badala ya vikundi vya kila mtu na lake. Wazee wetu wa mifongo walikuwa na zamu. Aliye juu hakuyafunga maji, na aliye chini alipanda mlimani siku ya kuzibua mfereji. Mkataba huo haukuandikwa, ulitimizwa.

Mkiyakubali maazimio haya, watoto watapima tena msimu ujao, mahali pale pale, kwa nyavu zile zile za chandarua. Mdudu wa mawe hurudi pale maji yapatapo hewa, kwa kuwa wenzake wa juu huchukuliwa na mkondo na mama zao huruka kutafuta mahali pa kutaga. Haombi barua ya mwaliko. Kazi yetu ni kumwachia nafasi.

Twawapongeza tena wanachama wote kwa miaka 10 ya umoja na kazi. Twawashukuru walimu waliokubali kulowa miguu, wazazi waliosimama ukingoni, na wanafunzi ambao madaftari yao yamewekwa juu ya meza ile ya mlangoni ili kila mjumbe ayafungue kabla ya kupiga kura.

Mheshimiwa Mwenyekiti, twaomba kutoa hoja.